Mkristo Katika Nchi Isiyo na Dini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inasema nchi haina dini, na ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza dini ya taifa. Hata hivyo nyimbo za taifa za nchi zote mbili humtaja Mungu tangu mstari wa kwanza. Ndani ya hali hiyo Mkristo anahimizwa awe na "mtazamo wa Kibiblia", yaani ayatazame mambo yote kama Maandiko yanavyoyatazama. Himizo ni jema, ila limezungukwa na dhana ambazo hazisimami.

Dhana: Usekula, yaani kuishi bila kumhesabu Mungu, ni ugonjwa wa Ulaya. Kwetu makanisa yanajaa.

Yanajaa kweli, Jumapili. Ila usekula hauanzi na mtu kusema hakuna Mungu. Huanza pale anapomtengea Mungu chumba kimoja na kujiachia nyumba nzima. Sisi tuna kauli yetu wenyewe ya jambo hilo: "Dini ni dini, biashara ni biashara." Mtu huitamka mbele ya mzee wa kanisa na hakuna anayeshtuka.

Chukua lumbesa. Mnunuzi anakwenda shambani kuchukua viazi Njombe, gunia linashonewa kilemba juu mpaka linapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi. Mnunuzi anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya na mtoaji mzuri wa fungu la kumi, tena fungu hilo likiwa na faida ya kilemba ndani yake. Torati ililiona hili zamani: "Usiwe na mawe ya kupimia mbalimbali katika mfuko wako, kubwa na dogo" (Kumbukumbu la Torati 25:13). Mithali 11:1 inaita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Neno hilo hilo, chukizo, ndilo Torati inalolitumia kwa ibada ya sanamu. Lakini mahubiri ya sanamu nimeyasikia mengi kuliko ya mizani, na nadhani hata wewe.

Dhana: Wakristo wakiwa wengi, mtazamo wa Kibiblia utakuja wenyewe.

Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa sana. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na imani lililovuka hadi Uganda, Bukoba na Kenya, ulikuwa umechipuka hapo hapo Gahini katika miaka ya 1930. Hata hivyo, Aprili 1994, watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa humo kwa maelfu, na baadhi ya wauaji walikuwa wabatizwa kama wao. Wapo walioficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha, na hao wasisahaulike. Lakini wengi walijua nyimbo na sala, kisha swali la "jirani yangu ni nani" wakaachia redio ya chuki iwajibie. Ukabila nao ni mtazamo wa ulimwengu. Kama kanisa haliugusi kwa jina, unakaa tu kwenye benchi na kusubiri.

Dhana: Njia salama ni kujitenga na elimu na mambo ya kidunia.

Danieli na wenzake watatu walisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Walipewa majina ya kipagani. Nebukadneza mwenyewe anasema Belteshaza, jina alilopewa Danieli, lilifuata jina la mungu wake. Hawakugoma kusoma, na hatusikii waligombana kuhusu majina. Walichokikataa ni chakula cha mfalme, na hapo hawakusogea. Ndiyo kazi ngumu ya Mkristo wa chuo kikuu au wa ofisini: kujua lipi la kubeba na lipi la kukataa. Anayekataa yote hajafikiri, na anayekubali yote hajafikiri pia.

Kuhusu sayansi sitakaa sana. Mendel, aliyechapisha kazi yake ya mbaazi na urithi mwaka 1866, alikuwa mtawa. Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri.

Dhana: Ukijua mistari mingi, unao mtazamo.

Yeremia 29:11 uko kwenye daladala, kadi za harusi na picha za WhatsApp: Bwana anatuwazia mawazo ya amani. Ni vizuri, lakini ile ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa miaka 70. Wengi wao wangefia huko. Mstari wa 5 unawataka wajenge nyumba na kupanda bustani, na wa 7 unawaagiza kuutakia amani mji uliowateka na kuuombea. Ukisoma barua yote, haitoi ahadi ya haraka kwa mtu mmoja mmoja. Inafundisha jinsi ya kuishi kwa uaminifu chini ya utawala usiomjua Bwana, ambalo ndilo swali letu kabisa, na tumelipita tukikimbilia mstari mtamu.

Wafilipi 4:13 hali ni ile ile. Paulo, anayesema anayaweza mambo yote, yuko kifungoni, na mstari uliotangulia unataja kuona njaa.

Dhana: Lengo ni kuitwaa serikali ili iwalazimishe wengine.

Kanisa la karne tatu za mwanzo halikuwa na waziri wala hakimu wa kulisukumia mambo yake. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inayomlinda Mwislamu na asiye na dini ndiyo inayokulinda wewe. Hili halimaanishi kunyamaza: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliupinga waziwazi ukatili wa utawala wa Idi Amin, na akauawa Februari 1977.

Dhana: Kazi hii ni ya mchungaji.

Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Luka anawasifu. Jumuiya yenu ikichagua kitabu kizima, tuseme Amosi, ikakisoma sura kwa sura huku wafanyabiashara, walimu na madereva wakieleza kinavyogusa kazi zao, itafika mbali kuliko semina ya siku moja. Na mhubiri akiulizwa "hilo limeandikwa wapi?", asinune. Hata mtume alichunguzwa.