Relayhost ni nini?

Seva ya Linux yenye Postfix, programu ya kutuma na kupokea barua pepe, inaweza kupeleka barua yenyewe. Hutazama rekodi ya MX (inayotaja seva ya kupokea barua) ya kikoa cha mpokeaji, yaani sehemu ya anwani baada ya @, hubisha hodi kwenye poti 25 ya seva iliyotajwa, kisha hukabidhi barua. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi za intaneti na za kukodisha seva huifunga poti 25 kwa barua zinazotoka. Hata ikiwa wazi, anwani ya IP isiyo na rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la seva yenye anwani hiyo) hushukiwa, na barua huishia kwenye spamu.

Hapo ndipo relayhost inapoingia: ni seva ya mtoa huduma inayopokea barua zote zinazotoka kwako na kuzifikisha kwa niaba yako. Wengine huiita smarthost. Ndani ya faili ya mipangilio ya Postfix, /etc/postfix/main.cf, huandikwa hivi:

relayhost = [smtp.example.com]:587

Mabano hayo si pambo. Yanaiambia Postfix isitafute MX ya jina hilo, iende kwenye seva hiyo hiyo. Poti 587 ni ya kuwasilisha barua baada ya kujitambulisha, kwa hiyo lazima uwashe smtp_sasl_auth_enable na uweke smtp_tls_security_level = encrypt, nenosiri lisipite wazi njiani.

Jina la mtumiaji na nenosiri hukaa kwenye faili ya sasl_passwd, na ufunguo wake, yaani jina la seva linaloanza mstari, lazima ufanane na relayhost herufi kwa herufi, mabano na poti vikiwemo. Ukisahau mabano, Postfix haioni nenosiri lolote, nawe utabaki kumlaumu mtoa huduma bure. Kila ukiihariri faili hiyo, endesha postmap, amri inayoigeuza iwe jedwali ambalo Postfix hulisoma. Angalia pia herufi moja inayowaponza wengi: mipangilio ya smtp_ ni ya barua zinazotoka, ya smtpd_ ni ya zinazoingia.

Usichanganye relayhost na relei wazi, yaani seva inayompelekea barua yeyote bila kumuuliza ni nani. Hiyo ni balaa.

Rekodi ya SPF ya kikoa chako, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, nayo imtaje mtoa huduma, la sivyo atakuwa anatuma kwa jina lako bila ruhusa. Na ukiona status=sent kwenye logi, maana yake ni kwamba relayhost imeipokea barua. Kama imemfikia mpokeaji, hilo utaliona kwenye kumbukumbu za mtoa huduma.