Mitindo na violezo: namna ya kuipanga tasnifu isivurugike

Ukitaka kujua kama tasnifu imeandikwa kwa taabu isiyo ya lazima, fungua ukurasa wa yaliyomo na uguse mstari mmoja. Kama vidoti kati ya kichwa na namba ya ukurasa vimechapwa kimoja kimoja, mwandishi amepoteza saa nyingi, na akiongeza aya moja katika Sura ya Pili, namba zote za mbele hazitakuwa sahihi tena. Sisi tunaowahudumia wanafunzi wa uzamili katika maktaba ya chuo hapa Unguja tunazipokea kazi za namna hii kila msimu wa kukabidhi. Nyingi ni kazi nzuri: mwani wa Paje na Jambiani, karafuu za Pemba, lahaja za visiwa vyetu. Kinachozirudisha nyuma ni mpangilio wa kurasa, kazi ambayo programu ya kuandikia ingeweza kuimaliza yenyewe.

Microsoft Word au LibreOffice Writer haitambui kuwa mstari fulani ni kichwa cha sura kwa sababu tu umeukoleza na kuuweka katikati. Kwa programu, hiyo ni aya kama aya nyengine, ila ina herufi nene. Lazima iambiwe kuwa hiki ni kichwa cha ngazi ya kwanza, hiki cha ngazi ya pili, haya ni maelezo ya jedwali, hii ni nukuu ndefu. Kuiambia huko ndiyo kazi ya mitindo. Weka kishale ndani ya mstari wa kichwa, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja katika Word, au Ctrl na 1 katika LibreOffice. Mstari unapata mtindo wa Heading 1. Kwa vichwa vidogo tumia 2 na 3. Ukishafanya hivyo, ukurasa wa yaliyomo hujitengeneza wenyewe, vidoti na namba zake, na kila ukibadilisha kazi unabofya ndani yake na kubonyeza F9, au katika LibreOffice unabofya upande wa kulia wa kipanya na kuchagua kuusasisha.

Wanafunzi wengi hujaribu mara moja kisha wakaacha, na sababu yao inaeleweka. Wakichagua Heading 1, kichwa kinatokea na rangi ya buluu na fonti isiyokubalika katika mwongozo wa chuo. Wanaona mtindo umewaharibia kazi, wanarudi kukoleza kwa mkono. Lakini ile buluu ni chaguo la kuanzia tu. Bofya jina la mtindo kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua kuurekebisha, weka Times New Roman, ukubwa unaotakiwa, rangi nyeusi, nafasi ya juu na ya chini. Vichwa vyote vya ngazi hiyo, hata viwe arubaini, vitabadilika papo hapo. Msimamizi akikwambia mwezi ujao kuwa vichwa viwe upande wa kushoto badala ya katikati, unarekebisha pahala pamoja, basi.

Mitindo hurithiana, na hapa ndipo penye mtego. Mtindo wa Normal ndio mzazi wa karibu mitindo yote katika Word. Ukiupa nafasi mbili kati ya mistari kwa sababu chuo kinataka hivyo katika maandishi ya kawaida, majedwali nayo yanatanuka, na jedwali lililokuwa nusu ukurasa linavuka ukurasa wa pili. Ushauri wangu ni kuuacha Normal kama ulivyo, na maandishi ya kawaida yapewe mtindo wa Body Text. Huo ndio uupe nafasi mbili, aya zilizopangwa pande zote na chochote chengine mwongozo unachotaka.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana mambo matatu ya ziada. La kwanza ni lugha ya mtindo wenyewe: iweke kuwa Kiswahili, programu iache kuyahukumu maneno yako kwa kamusi ya Kiingereza na kuujaza ukurasa mistari myekundu. La pili ni maelezo ya majedwali na picha. Programu ikitoa neno Table au Figure, hulazimiki kulikubali. Sehemu ya kuweka maelezo inakuruhusu kuongeza lebo yako, kwa hiyo andika Jedwali, Kielelezo, Ramani. Namba zitajipanga zenyewe, na orodha ya majedwali itatoka kama yalivyotoka yaliyomo. Ndani ya maandishi usichape "tazama Jedwali la 4" kwa mkono. Weka rejeo la ndani (Cross-reference), ili jedwali likihama na namba yake ihame katika kila sentensi inayolitaja.

La tatu ndilo linalowasumbua wengi zaidi. Idara inataka SURA YA KWANZA kwa maneno, lakini vichwa vidogo viwe 1.1, 1.2 na kuendelea. Katika Word, fungua mpangilio wa orodha ya ngazi nyingi, unganisha kila ngazi na mtindo wake wa kichwa, kisha katika ngazi ya kwanza futa ile tarakimu inayoonekana kwenye kisanduku cha muundo wa namba. Ngazi inaendelea kuhesabu bila kuonesha namba, na vichwa vidogo vinaipata 1 au 2 yao kama kawaida. Andika SURA YA KWANZA wewe mwenyewe, bonyeza Shift na Enter, kisha andika jina la sura. Kwa kuwa hukubonyeza Enter peke yake, mistari yote miwili inabaki kuwa kichwa kimoja.

Wenzetu wa masomo ya Kiislamu na wanaochambua hati za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanahitaji mtindo wao pia. Aya ya Qur'ani ikibandikwa katikati ya maandishi ya Kilatini, alama za mwisho huruka upande usio wake na ukubwa wa herufi hugoma kubadilika. Hugoma kwa sababu Word huhifadhi fonti na ukubwa wa maandishi ya Kiarabu pahala mbali na pale pa Kilatini. Unda mtindo wa aya, uite Aya ya Kiarabu, uelekeze kulia kwenda kushoto, na katika dirisha la fonti jaza ile sehemu ya maandishi changamano (Complex scripts), yaani ya herufi kama za Kiarabu: Traditional Arabic au Amiri, kwa ukubwa unaosomeka. Maneno ya Mwenyezi Mungu yanastahili kuchapwa yakiwa na irabu zake zote, na hilo halipatikani kwa kubahatisha kila ukurasa.

Kwa wanasayansi, upo mtindo wa herufi, unaogusa neno badala ya aya nzima. Anayeandika juu ya mwani atataja Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii mara nyingi mno, na majina hayo lazima yawe ya mlazo. Unda mtindo wa herufi kwa majina ya kisayansi, uutumie kila unapoyataja. Marejeo nayo yana mtindo wake: mstari wa kwanza umeanza pambizoni na inayofuata imeingia ndani, sentimita 1.27 kwa wanaofuata kanuni za marejeo za APA. Usiyasukume kwa kitufe cha Tab. Na kama bado unayachapa marejeo moja moja, Zotero ni programu ya bure ya kupanga marejeo na inafanya kazi na Word na LibreOffice.

Namba za kurasa zinahitaji subira kidogo. Kurasa za mwanzo, yaani tamko, shukrani na ikisiri, huwekewa i, ii, iii, na Sura ya Kwanza ianze na 1. Word haiwezi kulifanya hilo mpaka uigawe kazi katika sehemu mbili. Weka kishale mwanzo wa Sura ya Kwanza na uingize mkato wa sehemu unaoanza ukurasa mpya. Mkato wa kawaida wa ukurasa hautoshi. Kisha ingia chini ya ukurasa wa sehemu ya pili na uzime kitufe cha Link to Previous. Kitufe hiki ndicho kinachosahauliwa, na kikisahauliwa kila unachobadilisha upande mmoja kinabadilika na upande wa pili. Mkato kama huohuo unamsaidia mwenye jedwali pana linalotaka ukurasa uliolazwa.

Ukishapanga yote haya, hifadhi faili tupu kama kiolezo: dotx kwa Word, ott kwa LibreOffice. Ukikifungua unapata waraka mpya wenye mitindo yako, na chenyewe hakiguswi. Majarida mengi ya kitaaluma hutoa violezo vyao, na inafaa kuanza ndani yao tangu ukurasa wa kwanza. Unapohamishia maandishi ya zamani, bandika maandishi matupu, la sivyo mitindo ya kule inakuja nayo. Chunguza pia ukubwa wa karatasi: violezo vingi vya Marekani ni vya Letter, milimita 216 kwa 279, na sisi tunachapa kwenye A4, 210 kwa 297.

Naziomba idara zetu, Unguja na Pemba, ziwape wanafunzi kiolezo kilicho tayari pamoja na mwongozo wa kurasa nyingi wanaopewa sasa. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja, na inawaondolea wasimamizi mzigo wa kusahihisha pambizo wakati wangekuwa wanasoma hoja.

Na aliyekwisha kuandika kurasa mia kwa mkono asianze upya. Weka kishale kwenye kichwa kimoja, nenda kwenye kuchagua, na uchague maandishi yote yenye umbo linalofanana. Word itavikamata vichwa vyote vilivyokolezwa namna ile, na utavipa mtindo kwa mara moja. Washa alama ya ¶ ili uone Enter na nafasi za ziada, uziondoe. Mwisho bonyeza Ctrl na A, kisha F9, ili yaliyomo na rejeo zote zisasishwe, soma kurasa zote mara moja, na hifadhi PDF. Hiyo PDF ndiyo ya kupeleka duka la steshenari, au kumtumia msimamizi aliye upande wa pili wa bahari. Faili ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, kurasa zitahama.