Shikamoo ikichelewa kuitikiwa: sauti katika vikao vya mtandaoni

Kabla sijagusa waya wowote kwenye chumba cha kikao, huwa naomba jambo moja: kijana wa upande huu amsalimie mkubwa aliye upande wa pili. "Shikamoo." Halafu nasikiliza. Marahaba imekuja baada ya muda gani? Imekuja nzima au imekatwa kichwa? Aliyeitikia amejisikia mwenyewe akirudi kutoka kwenye spika zetu? Salamu hiyo moja hunifunulia mengi kuliko kipimo cha kasi ya intaneti ambacho kila ofisi hunionyesha nikifika, mtu akiwa ameshika simu mkononi: "Fundi, mbona tuna megabiti hamsini?"

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mifumo ya vikao vya mtandaoni, nyingi zikiwa ofisi zenye mguu mmoja Dar es Salaam na mwingine Dodoma. Tangu shughuli za serikali zihamie makao makuu, watu wengi wana kikao cha kila wiki na wenzao walio umbali wa kilomita zipatazo 450. Kikao kikienda vizuri, mtu anaokoa safari na siku mbili za kazi. Kikiharibika, uamuzi unasubiri mpaka mtu apande basi au treni. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Ofisi moja waliniita wakisema picha inaganda. Walikuwa wamenunua runinga ya inchi 75 na kamera nzuri, vyote ukutani. Iliyokuwa inasikiliza, hata hivyo, ni kompyuta mpakato iliyowekwa mwisho wa meza, karibu na mlango. Wakafikiri dawa ni kuongeza bando. Mimi nikaomba namba ya mhasibu wao wa Dodoma, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, nikampigia simu ya kawaida.

"Mwanangu," akaniambia, "hao vijana wa huko siwaelewi. Nikianza kusema wanadakia. Nikinyamaza, nao kimya. Nikianza tena, wanadakia tena. Siku hizi nasikiliza tu."

Nikawauliza vijana wa Dar. Nao wakaniambia, kwa kusitasita kwa sababu ni mtu mzima, kwamba mama huwakatisha.

Wote wawili walikuwa wakweli, na hakuna aliyekosa adabu. Kilichokuwa kinawagombanisha ni ucheleweshaji wa sauti.

Watu wakizungumza ana kwa ana, mmoja akimaliza mwingine hupokea karibu papo hapo. Watafiti waliolinganisha lugha kumi, na kuchapisha matokeo mwaka 2009, walikuta pengo la wastani ni kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Sasa fikiria sauti inachukua nusu sekunde kufika. Mama amemaliza sentensi, anasubiri, haji mtu. Anaona wameridhika, anaendelea. Wakati huohuo kijana wa Dar ndiyo kwanza anasikia ule mwisho wa sentensi, naye anaanza kujibu. Sauti zinagongana. Kila mmoja kwa masikio yake amesikia mwenzake akimdakia. Ucheleweshaji hauonekani kwenye kioo kama picha iliyoganda. Unaonekana kama tabia ya mtu. Hapo ndipo unapoumiza, hasa kwetu ambako kumkatisha mkubwa si jambo dogo.

ITU, taasisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mawasiliano, ina pendekezo liitwalo G.114: sauti ikichukua chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wengi huzungumza bila kuhisi tatizo. Na huo muda unaliwa na vitu vingi vidogo vidogo. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo Dar hadi Dodoma ni milisekunde mbili au tatu tu. Lakini sauti ya kikao haiendi moja kwa moja. Kwa kawaida hupitia seva ya kampuni ya programu, na seva hiyo inaweza kuwa nchi nyingine. Ikiwa iko mwendo wa kilomita 10,000 za waya, kwenda ni milisekunde 50, kurudi 50 nyingine, na bado hatujaingia ndani ya ofisi yako.

Ndani ya ofisi ndiko ninakokuta mabaya zaidi. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kwa sekunde, na kila kipande husafiri peke yake. Waifai yenye simu za watu thelathini hupitisha vipande hivyo kwa foleni: vitatu vinafika pamoja, cha nne kinachelewa, cha tano kinapotea. Programu ya kikao, ili sauti isikatike, hujiwekea akiba ndogo: inavizuia vipande kidogo, inavipanga, ndipo inavicheza. Foleni ikizidi kuyumba, akiba inaongezwa na ucheleweshaji unakua. Kipande kikichelewa kupita kiasi hutupwa, na ndiyo ile sauti ya roboti mnayoifahamu. Megabiti hamsini hazisaidii hapo, maana sauti yenyewe inahitaji chini ya megabiti moja ya kumi. Inachotaka ni njia tulivu.

Kwa ofisi ile nilifanya mambo mawili siku ya kwanza. Nilivuta waya wa mtandao wa mita 15 kutoka kwenye rauta hadi kwenye kompyuta ya kikao, nikaiondoa kwenye waifai. Kisha nikaitoa spika ya bluetooth waliyokuwa wameweka katikati ya meza, kwa sababu bluetooth nayo ina kuchelewa kwake, nikaweka spika yenye maiki ndani, ya waya wa USB. Picha ikaacha kuganda. Mtu wa manunuzi akaniuliza kama basi tumemaliza. Bado.

Umbali wa maiki ndio ugonjwa ninaoukuta kuliko wowote. Kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka nusu mita hadi mita nne, umeuongeza mara mbili mara tatu, kwa hiyo umepoteza desibeli 18. Ila mwangwi wa chumba haupungui. Vyumba vyetu vya vikao vina vigae sakafuni, vioo madirishani, na pangaboi juu. Maiki iliyo mwisho wa meza inapokea chumba kwanza, mtu baadaye. Zulia na mapazia mazito vinasaidia kwelikweli. Ningependa ofisi zinunue hivyo kabla ya kufikiria kamera ya pili.

Upande wa Dodoma kulikuwa na bati. Mvua zikianza Desemba, chumba kizima huwa ngoma. Programu za vikao zina uwezo wa kuchuja makelele, na kwa pangaboi, ambalo mlio wake hauna mabadiliko, zinafanya kazi nzuri. Mvua ni ngumu zaidi. Sema "shhh" taratibu halafu usikilize mvua juu ya bati: kwa kompyuta, vitu hivyo vinafanana sana. Herufi kama s, sh na f ni pumzi yenye makelele, na chujio likikazwa, linaziondoa pamoja na mvua. Mwanzoni nilishangaa kwa nini upande wa pili ulikuwa unasikia "kamoo". Ile "shi" ilikuwa imechujwa kama tone la mvua. Dawa ni kumsogezea mama maiki, au kumpa hedifoni yenye maiki karibu na mdomo, kisha kulegeza chujio. Alisita kuivaa kwa sababu ya ushungi. Tukapata ya kipande kimoja cha sikio chenye kibanio, ikakaa vizuri chini ya kitambaa.

Kosa jingine linaloniudhi, kwa sababu ni rahisi kuliepuka: watu watatu wako chumba kimoja, kila mmoja amejiunga na kikao kwa kompyuta yake, maiki zote wazi. Programu huzuia mwangwi kwa kujua spika yake yenyewe inacheza nini, kisha inakitoa kwenye kile maiki ilichosikia. Haijui spika ya kompyuta ya jirani inacheza nini. Ndipo unapopata mluzi unaotoboa masikio. Chumba kimoja, maiki moja, spika moja. Wengine wanaotaka kuona nyaraka wajiunge bila sauti kabisa. Kuzima maiki peke yake hakutoshi.

Kuhusu kamera, msimamo wangu ni huu: washeni wakati wa salamu, muonane nyuso, kisha zimeni isipokuwa anayezungumza au panapohitajika kuonyesha kitu. Video ya kawaida ya kilobiti 600 kwa sekunde hula MB 270 kwa saa kwa kila upande wa njia, kupokea na kutuma. Sauti ya kilobiti 80 hula MB 36. Kwa mtu aliye kwenye bando la simu yake, tofauti hiyo ni hela ya mfukoni mwake. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikazorota, Jumatatu yake niliwaambia wateja wangu wote wazime kamera tangu mwanzo. Walioweza kuendelea na vikao ni wale waliokubali sauti tupu. Wengine tuliwarudisha kwenye simu ya kawaida ya watu wengi, na kazi ikaenda.

Nakuja kwenye maandishi, kwa sababu sauti hata ikitengenezwa hupotea palepale. Ofisi ile walishawahi kuagiza karatasi katika kikao. Dodoma walisema rimu sitini. Mkia wa neno ukakatika, Dar wakasikia sita. Zikaja sita, katika wiki ya kuchapisha taarifa ya robo mwaka. Tangu hapo nawaomba makatibu kila namba inayotamkwa waiandike papo hapo kwenye sehemu ya ujumbe ya kikao, kwa tarakimu: 60. Aliyeisema anaiona na anaweza kusahihisha kabla hamjaondoka. Kikao kikiisha, kwenye baadhi ya programu ujumbe ule hauonekani tena kama hakuna aliyeuhifadhi, kwa hiyo katibu ananakili maamuzi na kuyatuma kwa barua pepe, na nakala inaingia kwenye jalada. Kundi la WhatsApp si masjala. Mtu akipoteza simu, au uamuzi ukifunikwa na picha za harusi na pole za msiba, mtautafuta msiupate. Wanaotumia Slack ya bure, ile programu ya ujumbe wa kazi, wajue pia kuwa ujumbe uliopita siku 90 hawatauona.

Na kwenye makundi hayo ya kazi, kuna desturi moja ninayoomba tuibadilishe kidogo. Mtu anaandika "Habari za kazi, kaka" kisha anasubiri aitikiwe. Mwenzake yuko kwenye kikao, anaiona baada ya saa moja, anajibu "Salama, za kwako?" Inakuja "Nzuri tu." Haja yenyewe inaandikwa jioni. Salamu tusiiache, ni yetu, na ujumbe wa kazi usio na salamu mimi mwenyewe hunikwaza. Ila salamu na haja viende katika ujumbe mmoja: "Shikamoo mama, naomba namba ya hati ya malipo ya Machi, mkaguzi anaisubiri saa nane." Mama ataitikia na kujibu kwa pamoja.

Siku ya kukabidhi kazi nilirudia kipimo changu. Alikuwepo kijana wa masjala, mpole, anayekaa karibu na mlango, mahali ambapo ile kompyuta ilikuwapo zamani. Nikamwomba asalimie bila kupaza sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Ilikuja palepale, nzima, bila mwangwi. Kisha mama akauliza, "Nani huyo? Sauti hiyo siijui."

Kijana akajitaja. Alikuwa ameajiriwa miezi minane iliyopita na hakuwahi kukosa kikao cha Jumatatu. Mama akamuuliza kwao ni wapi, akasema Kondoa, na mama, ambaye amezaa na kulea hukohuko, akaanza kumuuliza ukoo. Mwenyekiti alitazama saa, akaiweka ajenda mezani, akawaacha waongee.