Ukikaribia kasi ya mwanga: saa, umbali na bili ya nishati

Kuhusu safari za anga, swali linalotufikia kuliko jingine lolote ni hili: roketi za sasa zikiwa goigoi, si tuunde injini yenye nguvu zaidi mpaka tuupite mwanga? Kwanza, tuko nyuma mno. Chombo cha Parker cha Marekani kilipita karibu na Jua Desemba 2024 kwa takriban kilomita 690,000 kwa saa, mwendo ambao hakuna chombo kingine cha binadamu kimewahi kuufikia, na bado hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya kasi ya mwanga. Pili, hata injini ikipatikana, kikwazo hakiko huko. Kiko kwenye namna muda na umbali vinavyofungamana, jambo alilolieleza Albert Einstein mwaka 1905.

Tuache roketi kidogo, tumtazame msafiri ambaye tayari yuko njiani. Miale kutoka anga za mbali hugonga hewa ya juu, kilomita 15 hivi kutoka ardhini, na kuzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni inafanana na elektroni, ila ni nzito mara 207 hivi, na haidumu. Ikiwa imetulia, wastani wa uhai wake ni maikrosekunde 2.2, yaani sehemu mbili na kidogo za sekunde iliyokatwa vipande milioni. Piga hesabu: hata ikienda karibu sawa na mwanga, kwa muda huo ingesafiri mita 660 tu kabla ya kuvunjika. Lakini nyoosha kiganja chako sasa hivi. Karibu muoni moja inakipenya kila sekunde.

Imefikaje? Muoni ikienda kwa asilimia 99.9 ya kasi ya mwanga, sisi tulio chini tunaiona saa yake ikienda polepole mara 22. Uhai wake unarefuka, na zile mita 660 zinakuwa karibu kilomita 15. Wanafizikia Bruno Rossi na David Hall walilipima jambo hili kwenye milima ya Colorado, Marekani, na kutoa matokeo yao mwaka 1941. Miaka ya 1970, huko CERN, maabara ya utafiti wa chembe iliyoko Geneva, muoni zilizozungushwa kwenye duara la sumaku ziliishi kwa wastani maikrosekunde 64.

Sasa panda juu ya muoni. Hapo saa yako haijachelewa hata chembe. Unaishi maikrosekunde zako 2.2 kama kawaida. Kilichobadilika ni umbali: kilomita 15 za watu wa chini, kwako ni mita 670 hivi. Aliye ardhini anasema muda umerefuka, wewe unasema njia imefupika, na nyote mnakubaliana kwamba umefika. Wengi hukwama hapa, wakitaka lazima mmoja awe amekosea. Hakuna aliyekosea.

Kinachouma ni bili ya nishati. Katika mtambo mkubwa wa CERN wa kuzipa chembe kasi, wenye mzunguko wa kilomita 27, protoni, yaani chembe za kiini cha atomu, huingia zikiwa zimeachwa na mwanga kwa mita 650 hivi tu kwa sekunde. Kisha husukumwa hadi nishati yao iongezeke mara 15. Faida yake? Bado zimeachwa, sasa kwa mita 3 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Nishati haikupotea, imo ndani ya protoni. Ila haionekani tena kama kasi. Kuifuta tofauti hiyo ndogo iliyobaki kungetaka nishati isiyo na kikomo.

Tuseme basi tumepata chombo cha kwenda Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24 (yaani mwanga wenyewe huchukua miaka 4.24 kufika), kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga. Ukiacha muda wa kushika kasi na kufunga breki, walio duniani watahesabu miaka 4 na miezi 3 hivi. Abiria watahesabu miezi 7 na siku chache. Lakini kuipa kasi hiyo tani moja tu ya mzigo kunadai zaidi ya mara 4 ya umeme wote unaozalishwa duniani kwa mwaka, na hapo hujasimama.

Dirishani, nyota zote za nusu ya mbele ya anga zingesongamana ndani ya nyuzi 8 tu kutoka pua ya chombo. Mwanga wao wa kawaida ungegeuka urujuanimno usioonekana kwa macho, na mionzi yao ya joto ndiyo ingeonekana badala yake. Pazuri pa kutazama, ila si pa kukaa: nafasi kati ya nyota ina atomu za haidrojeni, chache lakini zipo, na kwa kasi hiyo kila moja inagonga chombo kama mionzi mikali ya protoni. Ngao nene ingesaidia, ila ngao nayo ni mzigo, na kila tani yake inalipiwa kwa kiwango kile kile.