Kusafisha picha nyumbani: mpaka haipo iwe haipo

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi ya chumba cha giza: kusafisha picha. Ukikaa muda mrefu kwenye meza ya uhifadhi, kama nilivyokaa mimi, unaona kwamba aliyelianzisha alijua anachosema. Picha za kale zinazonifikia zikiwa zimefifia, zimepiga umanjano pembeni au zimetoka madoa ya kahawia, mara nyingi hazikuponzwa na kamera wala na aliyeishika. Ziliponzwa na karai la mwisho. Mtu alichoka kuosha haipo, yaani dawa inayozuia picha isizidi kuwa nyeusi.

Nalisema hili mapema kwa sababu wanaotaka kuanza kazi hii nyumbani, kwa kamera kubwa na kwa njia za karne ya 19, huja na maswali ya lenzi. Lenzi tutaifikia, ila hatutakaa nayo.

Kwanza, kwa nini kamera kubwa na njia za kale hufuatana? Karatasi unayoipaka dawa mwenyewe ni nzito kuhisi mwanga. Inataka miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na inaitaka kwa dakika nyingi. Mashine ya kawaida ya kukuzia picha haiwezi kuipa. Kwa hiyo negativu, yaani filamu ambayo weusi umekuwa weupe na weupe umekuwa weusi, hulazwa juu ya karatasi, vyote viwili vikabanwa chini ya kioo na kuanikwa juani, na picha hutoka na ukubwa uleule wa negativu. Ukitaka picha ya inchi 8 kwa 10, tafuta negativu ya inchi 8 kwa 10. Anayeanza namshauri aanzie inchi 4 kwa 5. Hata hiyo eneo lake ni karibu mara 15 ya negativu ya kamera ndogo ya milimita 35.

Kamera yenyewe ni lenzi mbele, kioo chenye ukungu nyuma na mvukuto, yaani mfuko unaokunjwa na kurefushwa, katikati. Unajifunika kitambaa cheusi, unaiona dunia kichwa chini miguu juu, na baada ya siku chache hushangai tena. Mambo mawili huwaangusha wageni. La kwanza ni mvukuto: ukiurefusha ili kupiga kitu cha karibu, mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Chukua urefu wa mvukuto, ugawe kwa urefu wa fokasi ya lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Lenzi ya milimita 150 ikivutwa hadi milimita 300 inakupa 2. Mbili mara mbili ni nne, basi muda wa kuachia mwanga uwe mara 4. La pili ni kupakia filamu gizani. Kila karatasi ya filamu ina vijipengo ukingoni. Ishike wima, vijipengo vikiwa kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Toa karatasi moja sadaka, ujizoeze nayo mchana, macho wazi, halafu macho yamefumbwa, mpaka vidole vijue vyenyewe.

Wengi hununua filamu ya eksirei kwa sababu ya bei yake. Si wazo baya. Ile isiyohisi rangi nyekundu inaweza kushughulikiwa chini ya taa nyekundu hafifu, na kwa mwanafunzi kuiona picha ikiibuka ndani ya trei ni nusu ya raha yote. Ila aina nyingi zina dawa pande zote mbili, na dawa hiyo ikilowa hukwaruzika kwa kuguswa tu. Laza kipande cha kioo laini ndani ya trei, chini kabisa, na usafishe karatasi moja moja. Filamu ya kawaida inayohisi rangi zote haivumilii taa yoyote: hapo ni giza totoro.

Sasa njia zenyewe. Anza na sainotaipu, njia inayotoa picha za rangi ya buluu. Usianze na nyingine, hata kama umeona picha za kioo zinazovutia za mtu mwingine. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliivumbua mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, akaanza kuitumia kuchapa picha za mwani wa Uingereza bila kamera kabisa, kwa kuulaza mwani juu ya karatasi na kuuachia jua. Inahitaji dawa mbili tu. Yeyusha gramu 25 za feri amoniamu sitrati ya kijani katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Zihifadhi katika chupa mbili za rangi nyeusi. Siku ya kazi changanya sawa kwa sawa kiasi unachohitaji, paka kwa brashi laini chini ya taa hafifu ya manjano, acha ikauke gizani.

Karatasi iliyokauka ina rangi ya manjano yenye ukijani. Ukiianika juani chini ya negativu, itazame. Itapita kwenye ukijani, kisha buluu, na sehemu zenye kivuli zitaanza kurudi nyuma zikiwa na rangi ya kijivu inayong'aa kidogo kama shaba iliyochakaa. Wanafunzi wangu karibu wote huitoa kabla ya hapo, wakidhani imeungua. Iache ifike. Kinachotokea ni kwamba mwanga unabadilisha chuma kilichomo kwenye sitrati, na chuma hicho kinaungana na ferisianidi kuwa rangi ya buluu isiyoyeyuka kwenye maji. Dawa ambayo haikuguswa na mwanga huondoka na maji. Osha mpaka manjano yote yaishe kwenye sehemu nyeupe. Kama maji yako yana chokaa nyingi, tia siki kidogo kwenye maji ya kwanza, kwa maana buluu hii haipatani na magadi wala sabuni. Kwa sababu hiyohiyo karatasi iliyotiwa chokaa kiwandani ili isizeeke haifai hapa. Picha ikitoka imepauka usihuzunike. Ikikauka, buluu huzidi kukolea kwa siku nzima.

Neno ferisianidi huwatisha watu kwa sababu ya sianidi iliyomo. Humo sianidi imeshikwa barabara na chuma, na kwa matumizi ya kawaida si sumu ya kutisha. Lakini usiichemshe wala kuichanganya na asidi kali, kwa maana hapo inaweza kutoa gesi yenye sumu. Siki kidogo ndani ya maji ya kuoshea haihesabiki hapo.

Ukishaizoea buluu, nenda kwenye picha ya chumvi, njia ya mvumbuzi Mwingereza William Henry Fox Talbot ya miaka ya 1830. Lowesha karatasi ya pamba katika maji yenye gramu 2 za chumvi isiyo na madini ya joto kwa kila mililita 100, iache ikauke. Kisha, chini ya taa hafifu, paka nitrati ya fedha ya asilimia 12 iliyoyeyushwa katika maji yaliyotoneshwa. Chumvi na fedha vinakutana ndani ya karatasi na kuwa kloridi ya fedha, ambayo jua linaigeuza kuwa picha ya rangi ya hudhurungi hadi zambarau. Ichape iwe nyeusi kuliko unavyotaka, maana baadaye itapungua. Negativu nayo iwe na tofauti kubwa kati ya weusi na weupe, la sivyo picha inatoka bapa kama uji.

Nitrati ya fedha ni dawa ya kuheshimu. Tone lake jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani ya kinga na glavu kila mara, hata kwa kupaka karatasi moja. Kwenye ngozi huoni kitu siku hiyo. Kesho yake unaamka na vidole vyeusi, na weusi huo hauondoki kwa kusugua. Na usiwahi kuichanganya na amonia: mchanganyiko huo ukikaa unaweza kulipuka kama baruti.

Hapa ndipo tunafika kwenye karai la mwisho. Baada ya jua, osha picha ya chumvi kwa kubadilisha maji mpaka yasigeuke tena meupe kama maziwa. Kisha itie kwenye sodiamu thayosulfati, ile ambayo wapigapicha wa dunia nzima huiita haipo. Herschel alieleza mwaka 1819 jinsi inavyoyeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye ikawa ndiyo njia ya kuifanya picha isiendelee kuwa nyeusi. Tumia karai mbili za asilimia 10, dakika 4 au 5 kila moja. Karai la kwanza linafanya kazi nzito, la pili linamalizia.

Kisha haipo lazima itoke. Ikibaki ndani ya nyuzi za karatasi, salfa yake inaila fedha polepole, na picha inafifia kuelekea manjano. Watu wa kwanza walilipia somo hili. Mwaka 1855 chama cha wapigapicha cha London kiliunda kamati maalumu ya kuchunguza kwa nini picha zinafifia, na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akachangia pauni 50. Kamati ilitaja haipo iliyobaki kwa kuoshwa vibaya kuwa sababu kubwa kuliko zote. Mimi nina picha yangu ya kwanza ya chumvi, niliyoiosha kwa dakika 10 nikakimbilia kuwaonyesha watu. Sasa ina doa la rangi ya chai katikati, umbo la kidole gumba. Osha saa nzima, maji yakibadilika.

Kuna njia ambazo sitaki mtu azifanye nyumbani. Dageroti ya mwaka 1839, picha juu ya bamba la fedha, huibushwa kwa mvuke wa zebaki, ambao ni sumu. Picha za kolodioni mbichi (dawa ya kunata inayopakwa juu ya kioo), za Frederick Scott Archer mwaka 1851, zina etha ambayo mvuke wake hudaka moto kwa cheche ndogo, na wengine bado huzimalizia kwa potasiamu sianidi, ambayo inaua. Njia ya gundi na bikromati nayo hutumia dawa inayosababisha saratani. Hizi zifanyiwe kwenye karakana yenye mtambo wa kufyonza hewa, chini ya anayezijua.

Hata kwa zile nyepesi, chumba kiwe na hewa inayopita, vyombo visirudi jikoni kamwe, na dawa isikae hata dakika moja kwenye chupa ya soda. Haipo iliyotumika imebeba fedha. Usiimwage sinkini wala kwenye shimo la choo. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo, uipeleke kwa wanaopokea taka za kemikali.

Na ukitaka kujua kama umeosha vya kutosha, usikisie. Acha ukingo mweupe usio na picha. Kata kipande chake kikiwa kibichi, kidondoshee chini ya taa hafifu tone la nitrati ya fedha iliyotiwa asidi kidogo ya asetiki, subiri dakika 2, kisha kisuuze kwa maji ya chumvi kabla ya kukileta kwenye mwanga. Doa likiwa la kahawia, haipo ipo. Rudisha picha majini.