Taka hatarishi: maana yake, na kwa nini kuziuza si kuzimaliza

Betri ya gari ikifa, fundi huichomoa na kuiweka pembeni ya gereji. Siku mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, haitaki na maji yake, maana yeye analipia kilo za risasi, yaani ile metali nzito iliyo ndani ya betri. Basi betri inapinduliwa juu ya mtaro, maji yanamwagika yakitoa povu kwenye saruji, betri inapanda mzani na pesa inahesabiwa. Kila mtu anaondoka na chake. Katika dakika hizo tano zimepita taka mbili hatarishi, asidi na risasi, na hakuna hata mmoja pale aliyeziita taka.

Taka hatarishi ni taka ambayo madhara yake yamo ndani yake yenyewe. Ganda la embe likitupwa linaoza, linanuka, linaisha. Taka hatarishi hata ikiwa kidogo inaweza kuunguza, kulipuka au kumpa mtu sumu. Kwa hiyo wataalamu hawaulizi kwanza ni nyingi kiasi gani, wanauliza ina tabia gani. Inashika moto upesi, kama thina ya rangi? Inababua, kama maji ya betri au kostiki ya sabuni? Inalipuka au kutoa gesi ikikutana na kitu kingine? Ina sumu, kama risasi, zebaki na mabaki ya dawa za kuulia wadudu? Ikiwa na tabia mojawapo tu, inatosha. Taka za hospitali zinazoambukiza nazo zimo.

Tabia ile ya tatu ndiyo inayoua watu ghafla. Kwenye machimbo ya dhahabu sayanaidi, sumu inayotumika kutoa dhahabu kwenye mawe, hutunzwa ndani ya maji yenye alikali nyingi, kinyume cha asidi, na asidi haisogezwi karibu. Vikichanganyika inatoka gesi ya sayanaidi, na mtu aliyesimama hapo hapati muda wa kukimbia. Ndiyo maana kwenye stoo ya taka ya kiwanda makini asidi ina upande wake, na kila pipa lina lebo inayosomeka: kilichomo, tarehe kilipoingia, hatari yake. Pipa lisilo na lebo ni hatari kuliko pipa lenye sumu inayojulikana. Sakafu ni ya zege lisilo na nyufa, juu kuna paa, na pembeni kuna ukuta mfupi wa kuzuia kilichomwagika. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba ukuta huo uweze kushika 110% ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote humo ndani. Mfereji wa maji ya mvua haupiti hapo kabisa.

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa. Gunia la vitambaa vilivyolowa thina linatupwa kwenye kontena la makaratasi na mabaki ya chakula, ili “zipotee”. Hazipotei. Kontena zima sasa limechafuka, na kilichokuwa gunia moja la taka hatarishi kimekuwa tani nzima. Kutenganisha pale pale taka inapozaliwa ndiyo kazi ya maana kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama.

Lakini kiini cha dhana hii kiko kwenye dhima. Takataka za kawaida gari la taka likishazibeba umemaliza. Taka hatarishi zikitoka getini kwako bado ni zako. Msingi wake ni kwamba taka inafuatiliwa tangu inapozaliwa mpaka inapoishia, iwe ni kwenye tanuri maalumu, kwenye mtambo wa kuirejeleza au kwenye dampo lililojengewa kazi hiyo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi, ambazo zinataka anayezikusanya, anayezisafirisha na anayezihifadhi awe na kibali. Kenya ina sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni zake za taka. Zikivuka mpaka wa nchi, unaingia Mkataba wa Basel wa mwaka 1989: nchi inayopokea lazima iwe imekubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka. Afrika iliona hautoshi, ikaandika wa Bamako mwaka 1991 kuzuia kabisa taka hizo kuingizwa barani.

Kwa nini ukali wote huo? Nenda Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilipakana na nyumba za watu, moshi ukitua juu ya mabati na kwenye nguo zilizoanikwa. Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Alipaza sauti kwa miaka, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha hukumu hiyo. Jambo ninalotaka kila meneja wa kiwanda na kila ofisa wa mazingira alisome mara mbili ni hili: mzigo wa fidia haukuwekwa kwa wenye kiwanda peke yao, taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia nazo zilibebeshwa sehemu yake.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Jiko la mkaa linatosha, ndiyo maana watu huiyeyusha uani kutengeneza chubwi za nyavu, na sufuria ile ile ikarudi jikoni. Vumbi lake halinuki wala halichomi macho. Linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ukishaharibiwa nayo haurudi ulivyokuwa. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakirejeleza betri na kuchekecha mchanga wenye risasi.

Kwa hiyo mnunuzi akija na gari lake kuchukua betri au oili chafu, usianze na bei. Mwombe kibali, na uangalie kama tarehe yake haijapita na kama kinataja taka hiyo hasa, maana kibali cha vyuma chakavu si kibali cha betri. Muulize mzigo unakwenda mtambo gani, kisha wapigie mtambo wenyewe simu. Betri ziondoke na maji yake, zimesimama wima. Andika kilo na tarehe kwenye hati ya ufuatiliaji, wote wawili mtie saini, nakala moja ibaki kwako. Nakala nyingine inatakiwa irudi ikiwa na saini ya aliyepokea mwisho wa safari. Isiporudi, piga simu tena.