Je, wajua kwa nini seli zako hazisambaratiki?

Miaka yote nilijua seli zimepangwa kama matofali, katikati saruji, basi. Nalaumu kile kitunguu cha darasani, ukikichungulia kwa hadubini unaona ukuta kabisa, na kwa kitunguu wala sikukosea sana, mimea ina kuta kweli na kati yake kuna pektini inayozigandisha, ndo hiyo hiyo inayofanya jamu iwe nzito. Kosa langu ni kumhesabu binadamu kama kitunguu.

Seli ya mnyama haina ukuta. Ina utando laini tu, na humo zimechomoza protini zinaitwa kadherini, zinashikana na kadherini za seli jirani. Fikiria muwa wa pingili tano, kila kifundo kimekaliwa na kalsiamu. Kalsiamu ikiwepo muwa unakakamaa, unamfikia jirani, unashika. Ikitoka unalegea kama kamba iliyolowa. Mshiko mmoja ni dhaifu mno, nguvu iko kwenye wingi, kama kishona nguo kwenye suruali: mbegu moja unaibandua kwa kidole, zikijaa utakesha. Na udhaifu huo una faida yake, maana seli inaweza kuachia ikahama, mfano kidonda kinapoziba.

Mwanabiolojia wa Kijapani Masatoshi Takeichi aliligundua hili kiajabu. Kule Kyoto, Japani, seli alizozitenganisha kwa tripsini, kimeng'enya kinachotafuna protini, zilikuwa zinarudi kushikana, alipoenda maabara ya Baltimore, Marekani, zikagoma. Kumbe tripsini ya huko ilichanganywa na EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, na kadherini isiyo na kalsiamu inatafunika kirahisi! Ripoti akaitoa 1977.

Usikimbilie maziwa sasa, mwili unadhibiti kalsiamu ya damu kwa ukali, glasi ya ziada haikukazi popote. Na kadherini ni za kushika jirani tu, kushika sakafu, yaani kolajeni na wenzake, nyuzi za protini zilizo nje ya seli, ni kazi ya protini nyingine, integrini.

Kuna ugonjwa unaitwa pemfigasi, kinga ya mwili inashambulia desmogleini, ndugu wa kadherini kwenye ngozi, maji yanaingia katikati, malengelenge yanatokea. Kama kinga inaziba mshiko wenyewe au inaivuruga seli kwa ndani, wataalamu bado wanabishana, labda vyote viwili. Kinachonishangaza mimi ni kwamba seli zenyewe mara nyingi bado ziko hai, zimeachiana tu.